Swali Lililonisoma

Jumatatu, 4 Agosti

Chuo tumemaliza. Majoho tumevaa, picha tumepiga, pilau limeliwa kule kwetu Mwera mpaka jirani wa tatu akaja na sahani yake. Bado mtihani wa leseni tu. "Tu"! Asiyeufaulu huo si muuguzi, ni mtu aliyewahi kukaa karibu na wauguzi. Na Baba tayari anawaambia wakwezi wake wa minazi kwamba binti yake Afra ni daktari. Nimeshindwa kumsahihisha. Anafurahi sana.

Tunasoma watatu, barazani kwa Shangazi Tausi, Ngamiani: mimi, Nadir, na Loveness wa Muheza. Maswali ni ya Kiingereza, tunayabishania kwa Kiswahili. Mada ya wiki hii ni madhara ya dawa. Ajabu tupu! Mimi nilidhani dawa inaingia mwilini, inatibu, inaondoka kwa adabu kama mgeni mstaarabu. Kumbe kila moja ina vituko vyake. Ipo ya kifua kikuu inayogeuza mkojo rangi ya chungwa. Si mkojo peke yake. Jasho pia. Machozi! Mtu anamlilia marehemu wake machozi ya rangi ya chungwa, na kitabu kinasema ni kawaida, mtoe hofu mgonjwa. Subhanallah. Nani anitoe hofu mimi?

Loveness hakushangaa. Alishapita hapo zamani. Kichwa cha yule msichana ni ghala lenye rafu: unauliza, anakwenda, anakuletea.

Kisha zamu yangu. Mgonjwa kaanzishiwa furosemide, dawa ya kukojosha. Wewe muuguzi utaangalia nini? Nikasema nitaangalia choo kiko umbali gani. Nadir alicheka hadi chapati ikamponyoka ikazama kwenye chai. Jibu lilikuwa potasiamu. Inatoka na mkojo, ikipungua moyo unapoteza mdundo wake. Sawa. Bado naona jibu langu lilikuwa na ubinadamu zaidi.

Lakini kicheko kile hakitapita hivi hivi. Nahitaji mpango.


Jumanne, 5 Agosti

Mpango umeiva, tena ni mzuri mpaka nauonea haya. Nimejiteua msomaji wa maswali. Nikawaambia sauti yangu ilinolewa madrasa, na kikundi kisicho na msomaji ni kama bibi harusi asiye na somo wa kumfunda. Wakakubali bila ubishi. Msomaji haulizwi! Tena majibu yako nyuma ya kitabu, na kitabu kiko mikononi mwa nani?

Nimesoma, wao wametoka jasho. Loveness akijibu, natikisa kichwa taratibu na kusema hivyo hivyo ndivyo nilivyokuwa nafikiri. Nadir akikosea, namtazama kwa huzuni. Raha hii sijawahi kuionja.

Ila swali moja liliniteka. Digoxin, dawa ya moyo. Ikizidi mwilini, mgonjwa huanza kuiona dunia ya njano, na kila taa ina duara la mwanga kama mwezi uliofanya uwanja. Nikasahau kuchungulia nyuma ya kitabu. Nikamuuliza Loveness kweli kweli, inakuwaje kidonge cha moyo kipake rangi macho? Akasema yeye naye hajui yote, ila anajua la kufanya. Mgonjwa akikwambia ukuta umekuwa wa njano, usimwambie anaota. Mshike mapigo. Akanishika mimi kuonyesha, vidole juu ya kifundo cha mkono, kichwa kakiinamisha kidogo kama mtu anayesikiliza mlangoni. Hata Nadir aliacha kutafuna. Nilitamani kuwa mgonjwa wake.

Baadaye Nadir akadai naye ana sauti, tupokezane kusoma. Nikakohoa mpaka akasahau alichokuwa anadai. Kifua changu hunifaa siku nyingine: vumbi la ufagio wa Shangazi likipanda, kinapiga filimbi chenyewe. Pumu ya utotoni hiyo. Ilishaondoka, hutuma salamu tu.


Alhamisi, 7 Agosti

Balaa! Mwalimu Alexander, aliyetufundisha dawa, ametuita sote Jumamosi ukumbini kwa mazoezi ya mwisho. Kila mtu atachota karatasi kwenye bakuli, atasimama mbele, atasoma swali lake na kulijibu. Anasema anayejibu ameketi anakisia, anayejibu amesimama anajua. Nikamuuliza kwa simu kama atahitaji msomaji. Akasema hapana, asante.

Mimi na kusimama mbele za watu hatujawahi kupatana. Mikono hutetemeka. Mwaka jana nilimpima mzee mmoja presha mbele ya wasimamizi, na yule mzee akaniuliza mimi nasumbuliwa na nini.

Mchana nikafungua kitabu, kwa hiari yangu, bila kulazimishwa na mtu. Kikafunguka kwenye propranolol. Hupunguza mbio za moyo. Hutuliza mikono inayotetemeka. Wengine huandikiwa kwa sababu ya woga wa jukwaani. Nikasoma tena. Jukwaani! Kuna mtu mahali fulani alikaa akafikiria woga wangu, akaufinyanga kuwa kidonge! Na dawa yenyewe ndiyo anayomeza Shangazi Tausi kwa ajili ya rovu lake, ule uvimbe wa shingoni. Kabla ya dawa, Shangazi akichambua mchele moyo ulimwenda mbio ungedhani anafukuzwa na nyuki. Siku hizi ametulia kama maji ya mtungini.

Chini ya hapo kulikuwa na sehemu nyingine, "Wasiopaswa kupewa," ndefu kidogo. Lakini Shangazi akaita. Samaki wa kupaka. Samaki wa kupaka hasubiri mtu.


Ijumaa, 8 Agosti

Nane Nane. Wengine wameenda kutazama ng'ombe na mashine za kulimia. Mimi nimeenda kutazama kidonge.

Nilianza na shikamoo ndefu kuliko kawaida. Shangazi akaitikia marahaba, akaniuliza nataka nini. Nikamwambia naomba kidonge kimoja cha rovu. Akakataa papo hapo. Akasema chumvi anaazima, kanga anaazima, hata mume angemwazima mtu wakati ule marehemu alipokuwa na maneno mengi, lakini dawa haiazimwi. Nikamweleza kwamba ni cha kufundishia. Wenzangu hawajawahi kukiona. Watafeli, na lawama itakuwa juu yetu sisi wenye nacho. Akanitazama sana. Akaniapisha nitakirudisha nyumbani.

Nikaapa. Nitakirudisha nyumbani. Sikutaja ndani ya nini.

Sasa kiko kiganjani mwangu. Kidogo kama punje ya dengu! Hakina harufu, hakina kelele. Nakigeuza, nakitazama. Kitu hiki kinaingia tumboni, tumboni hakina mtu wa kumuuliza njia, na bado kinaufikia moyo na kuuambia taratibu. Nani alikielekeza? Nimekaa nacho hadi Shangazi akapita na kuuliza kama nasoma dua.


Jumapili, 10 Agosti

Naandika nikiwa kitandani, wodini. Nitaeleza kwa mpangilio.

Jana asubuhi nilimeza baada ya chai. Nikapanda bajaji, nikafika ukumbini mapema, nikakaa mstari wa mbele kabisa, mimi ambaye siku zote hukaa karibu na mlango. Na ile dawa ikafanya kazi! Niliinyoosha mikono mbele ya Nadir. Imetulia kama mikono ya sanamu. Moyo ulikuwa unatembea hatua za bibi harusi. Nikafikiri, hivi ndivyo watu jasiri wanavyoishi kila siku? Nadir akachota lake akapotea katikati ya jibu, nikamtazama kwa huzuni.

Kisha kifua kikaanza kukaza. Kama nimefungwa kanga, na mtu nyuma yangu anaivuta. Sikujali. Nilijua ni woga: umefukuzwa mikononi, umehamia kifuani, utachoka wenyewe.

Akaitwa Loveness. Akachota, akafungua karatasi, akatusomea na kututafsiria. Mgonjwa mwenye pumu amepewa propranolol kwa makosa. Muuguzi ataona nini, na atafanya nini?

Nikasema moyoni, pumu? Na propranolol?

"Kwanza atahisi kifua kinambana," Loveness akaanza, kwa sauti yake ile ya ghalani.

Kilikuwa kinanibana.

"Atapumua kwa filimbi, hasa anapotoa pumzi."

Filimbi ikatoka. Watu wa nyuma wakanyoosha shingo kutafuta inakotokea.

"Atainama mbele, atashika kitu apate nguvu ya kuvuta hewa. Hataweza kumaliza sentensi."

Nilikuwa nimeinama, nimeshika kingo za kiti changu kwa mikono yote, ile mikono isiyotetemeka, na nilikuwa nimeanza sentensi. Nadir akapiga makofi! Alidhani nimepangwa niigize mgonjwa. Ukumbi mzima ukamfuata. Mwalimu Alexander akaandika kitu kwenye karatasi yake huku akitabasamu. Nadhani alikuwa ananiongezea alama. Nami, Mungu anisamehe, kwa nukta moja niliwaza kusimama niwape shukrani.

Nimefanya mazoezi ya maswali mengi maishani, nimeyasoma kwa sauti nzuri. Hili ndilo la kwanza kunisoma mimi, mstari kwa mstari, na halikuruka neno.

Loveness aliacha jibu katikati. Karatasi ikamponyoka. Akaja, akapiga magoti mbele yangu, uso kwa uso.

"Afra. Umemeza nini?"

Nilitaka kusema chai. Sikuwa na pumzi. Uongo unataka pumzi nyingi kuliko ukweli, na hili sikufundishwa popote.

"Ya... Shangazi."

"Ile ya rovu?"

Nikaitikia kwa kichwa.

"Na kile kikohozi chako barazani. Ni pumu?"

Nikaitikia. Nilimwona anavyoogopa. Hofu ilimpita usoni kama kivuli cha ndege, ikaondoka, na hakuirudia. Hakunigombeza. Hakuniuliza kwa nini. "Usilale," akasema. "Kaa hivi hivi, egemea mbele. Nadir, acha makofi, katafute gari. Mwalimu, huyu ana pumu na amemeza propranolol. Haigizi."

Mwalimu Alexander alikuwa na gari lake. Nadir akalia njia nzima. Machozi ya kawaida, niliangalia. Mimi nilikuwa nakazana kuingiza hewa, nayo ilikuwa imegeuka kitu cha kutiliwa kwa kijiko. Niliuona mji unapita dirishani, watu wanatembea na kusimama na kuitana, na wote wanapumua! Hakuna hata mmoja anayefanya juhudi. Muuza madafu anapumua. Mtu aliyelala kwenye mkokoteni anapumua. Nikamwonea wivu. Nikawaza: Baba ataambiwa nini? Kwamba daktari wake amekufa kwa kidonge cha dada yake mwenyewe? Hapo ndipo nilipoogopa kweli, na kuogopa nako kunataka hewa.

Hospitali wakanivalisha barakoa ya mvuke na hewa ya oksijeni, wakanichoma sindano ya mshipa. Loveness akamweleza daktari kila kitu kwa maneno machache, nini nimemeza, saa ngapi, kwa nini ni hatari. Daktari akamuuliza anafanya kazi wodi gani. Akasema bado hana leseni, bado anasubiri mtihani. Daktari alimwachia nafasi kando ya kitanda, na nafasi ile naijua maana yake.

Haikuwa haraka. Dawa ya mvuke ilikuwa inagonga mlango, na kidonge cha Shangazi kilikuwa kimeushika kwa ndani. Walirudia. Wakarudia tena. Loveness alinishika kifundo cha mkono, kichwa kakiinamisha.

Kisha pumzi ikarudi. Sijui niiandike vipi. Ilikuja kama maji ya bomba baada ya mgao: kwanza mlio, kisha tone, kisha yenyewe. Ikafika chini kabisa, mahali ambapo nilikuwa nimesahau kuwa nina mahali. Nimekuwa nikifanya kitu hiki tangu nizaliwe na sikuwahi kukitazama. Nililala pale nikapumua kama mtu anayekula embe la kwanza la msimu. Nikatazama wenzangu wodini, kila kifua kinapanda na kushuka, kinapanda na kushuka, na hakuna aliyekuwa anapiga makofi kwa hilo.

Ndipo mikono yangu ikaanza kutetemeka! Nikampandishia Loveness macho. Akasema nisiogope, ni ile dawa ya mvuke, ndiyo madhara yake ya kawaida.

Yaani nimezunguka kote huko nimerudi kwenye kutetemeka.


Jumatatu, 11 Agosti

Nimeruhusiwa. Shangazi Tausi alikuja kunichukua na kanga mbili, bila salamu. Mlangoni akaniuliza kidonge chake kiko wapi. Nikamwambia kimerudi nyumbani, kama nilivyoapa.

Nilidhani atacheka. Alikaa chini palepale barazani, akalia, kanga mdomoni. Akasema nusura amzike mtoto wa kaka yake kwa mkono wake mwenyewe, na mkono huo angeupeleka wapi? Nikakaa naye. Nikamwambia kukataa kwake kulikuwa sahihi, kosa ni la kiapo changu, kilikuwa na tundu. Akasema basi tutaapa upya, kisicho na tundu. Nikaapa kwa moyo wote: sitameza tena kidonge ambacho hakikuandikwa jina langu. Amefungia dawa zake zote kwenye kasha, ufunguo kauvaa shingoni.

Jioni wakaja Loveness na Nadir. Nikaona nimalize na lile la usomaji, nikawaambia nilikuwa nachungulia majibu. Nadir akasema walijua tangu siku ya kwanza, kwa sababu nilikuwa nafikiri vilevile kama kitabu mpaka kwenye makosa yake ya chapa. Nikamuuliza Loveness kwa nini aliniacha. Akasema mtu akisoma kwa sauti kubwa maneno humwingia apende asipende, na alikuwa anatumaini.

Mtu wa namna hii ametoka Muheza ileile tunayopita kununua machungwa!

Atakuja kila siku hadi mtihani. Kitu cha kwanza alichonifundisha si dawa. Akasema nisianze na dawa, nianze na mtu. Ni nani huyu unayempa? Ana nini kifuani, ana nini tumboni, anakula nini, anaogopa nini? Ukishamjua, madhara yenyewe yatakujia kama majina ya jamaa zake. Akafunga kitabu, akanifanya mgonjwa wa kwanza. Nilijibu yote. Nilikuwa na faida, nilikuwepo.


Jumatano, 20 Agosti

Tumefanya! Ukumbi kimya, feni zinazunguka. Nilisoma kila swali polepole, na nyuma ya kila swali nikamwona mtu ameketi ananisubiri. Mama mwenye kisukari. Mzee anayeona taa zina duara. Niliwaonea huruma wote, na huruma ile ikanikumbusha majibu. Mikono ilitetemeka mwanzo hadi mwisho. Nikaiacha itetemeke. Mwandiko umeonekana kama umeandikiwa juu ya trekta, lakini ni kuweka alama kwenye visanduku tu.

Nje Loveness akaniuliza nimeonaje. Nikasema hivyo hivyo ndivyo nilivyokuwa nafikiri. Akacheka sana. Sikujua anacheka vile, anashika mbavu kabisa.


Ijumaa, 10 Oktoba

NIMEFAULU! Loveness amefaulu, Nadir amefaulu, naye Nadir amepiga makofi peke yake barabarani mpaka mbwa wakabweka. Baba amepiga simu kutoka Mwera, analia, ananiita daktari. Nikamwambia, muuguzi, Baba, muuguzi mwenye leseni. Akasema ndiyo hivyo hivyo, daktari.

Jumatatu tuna usaili, mimi na Loveness, zahanati moja huku mjini. Jopo zima litakuwa mezani, na mwombaji anakaa kiti cha peke yake katikati ya chumba. Loveness anasema tufanye mazoezi, yeye awe jopo. Nimemwambia nitaona.

Kwa sababu mchana alipita Semeni, jirani yetu anayeuza vitenge, karudi leo kutoka Horohoro, mpakani. Nikamweleza hofu yangu. Akafungua furushi, akatoa chupa. Yarabi, chupa! Kimiminika cha kijani kinachong'aa, ukikiinua kwenye jua kina chembe za dhahabu zinazopanda na kushuka zenyewe. Lebo ina picha ya simba amevaa miwani. Maandishi hakuna kati yetu aliyeweza kuyasoma, hata hatukujua yanaanzia upande gani. Semeni anasema kule ng'ambo wanasheria wote wanaitumia. Ulimi unakuwa mwepesi, jina la kila kitu linakuja lenyewe. Kiasi? Akasema mtu huhisi mwenyewe.

Nimeketi nayo muda mrefu, naigeuza, naitazama. Ajabu ya Mungu!

Na kiapo changu nakikumbuka neno kwa neno, sikivunji. Niliapa kuhusu vidonge. Hii ni ya maji. Muuguzi mwenye leseni anajua tofauti.